Browning ya zamani kiunoni: jibu kwa mfanyabiashara wa Malindi

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Nina duka la jumla hapa Malindi, na mara mbili kwa wiki naenda Gongoni na Marereni kukusanya pesa za wateja. Leseni ya silaha ninayo. Kwa muuzaji aliyeidhinishwa nimepata bastola ya Browning ya Ubelgiji, ya miaka ya 1960, ile ya magazini ya risasi 13. Mkononi imenikaa vizuri mno. Je, silaha ya zamani namna hii inafaa kubebwa kila siku? Nitembee na risasi ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, au chemba tupu? Tena kuna mtu ameniambia nitoe kile chuma kinachoizuia triga magazini ikiwa nje, ati triga italainika.

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hilo la mwisho nalijibu kwanza: usikitoe. Sababu nitakueleza huko chini.

Bastola yenyewe haina aibu. John Browning alifariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla hajaimaliza, Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaikamilisha, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Jeshi la Uingereza liliibeba mpaka 2013 lilipoanza kuhamia Glock, bastola ya kisasa ya Austria. Risasi yake ni ile ile ya milimita 9 ambayo bastola nyingi za leo zinatumia. Mpini wake ni mwembamba kuliko unavyotarajia kwa risasi 13, ndiyo maana umeupenda.

Tatizo liko kwenye namna inavyofanya kazi. Glock unavuta triga tu, basi. Kwenye Browning triga ina kazi moja, kuiangusha nyundo, kile chuma cha nyuma kinachoigonga pini ya kufyatulia risasi, na nyundo lazima iwe imeshakokiwa, yaani imevutwa nyuma. Kwa hiyo una njia tatu za kuibeba.

Njia ambayo watu wengi huiona salama ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: risasi ndani ya chemba, nyundo chini. Ili nyundo ishuke bila kupiga, unaishikilia kwa kidole gumba huku unavuta triga, na risasi hai iko mbele. Nilipokuwa nikitunza silaha kambini, mwenzetu mmoja, mtu mzoefu, alikuwa akifanya hivyo kila jioni. Jioni moja kidole kilikuwa na jasho. Risasi ilipasua sakafu kiasi cha shubiri moja kutoka mguu wa kijana aliyekuwa anafagia. Mpaka leo nikiona mtu anaishusha nyundo kwa kidole, mwili unanisisimka.

Njia ya pili ni risasi ndani, nyundo imekokiwa, sefti (kile kizuizi cha usalama cha kidole gumba) imefungwa. Macho yanaogopa kuitazama, lakini bastola hii ilitengenezwa ibebwe hivyo. Ila sefti ya miaka yako ni kijichuma kidogo, kigumu, na kidole chenye jasho kinakipapasa bila kukipata. Zaidi ya hapo, kufuli inayoizuia pini isigonge risasi bastola ikianguka iliwekwa kwenye toleo la Mark III, mwishoni mwa miaka ya 1980. Yako haina. Ikidondoka mtutu ukitangulia kwenye sakafu ya saruji na risasi imo ndani, sikuhakikishii chochote.

Njia ya tatu ni chemba tupu. Hasara yake unaijua: unahitaji mikono miwili na nukta moja au mbili za kuvuta slaidi, chuma cha juu kinachoingiza risasi chembani, na ukiwa nyuma ya usukani mkono wa pili huenda una kazi nyingine. Hata hivyo kwako wewe, kwa sasa, nasema chemba tupu. Nenda uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, uirudie kazi ya kuichomoa na kuikoki mpaka mkono usiulize. Ukishafika hapo, na fundi mwenye leseni akikubadilishia sefti ikawa pana, ndipo tuzungumze juu ya njia ya pili. Kama nafasi ya mazoezi huna, ichukue bastola mpya yenye kufuli ya pini, na hii ibaki kwenye sefu.

Sasa kile chuma. Ukitoa magazini, triga haifanyi kazi. Ni kweli kinaifanya triga iwe nzito, na magazini haidondoki yenyewe. Lakini ukikitoa umebadilisha kifaa cha usalama, na siku ukisimama mbele ya hakimu kueleza risasi yako, hilo ni swali utakaloulizwa. Na hata kikiwepo, kisikudanganye. Mtu anatoa magazini, anavuta triga, kimya. Anadhani bastola ni tupu, kumbe risasi imo kwenye chemba. Akirudisha magazini, inapiga. Vuta slaidi, tazama ndani kwa jicho, kisha ingiza kidole.

Hewa yetu hii ni adui wa chuma kuliko umri. Hiyo ni bastola ya chuma kitupu, ikijaa risasi inazidi kilo moja kidogo, na jasho la kaskazi pamoja na chumvi ya bahari vinaweza kuitoa kutu kwa siku chache. Usiilaze usiku ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu wa mwili wako. Ipanguse kila jioni, upake mafuta ya silaha, safu nyembamba. Mafuta ya nazi hapana. Nimefungua bastola zilizopakwa hayo: yanaganda kwenye baridi ya eyakondishena, yanachacha, yanageuka gundi kwenye njia ya pini. Na ibebe kwenye ala ngumu inayofunika triga, kwenye mshipi mpana, si kwenye kikoi wala kiuno cha suruali.

Ile njia ya kuingilia chemba kwenye Browning za zamani ilichongwa kwa risasi zenye ncha ya mviringo. Za umbo jingine zinaweza kukwama. Tumia za mviringo, na usiiamini mpaka imekupigia nyingi mfululizo bila kosa.

La sheria nalipitia haraka. Cheti chako kinataja silaha na idadi ya risasi, usiizidishe. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaipima nguvu ya kujilinda kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, yaani ilazimu na ilingane na hatari. Mtu anayekimbia na mfuko wako hajakupa ruhusa. Na hao wateja wa Marereni, wangapi hawana M-Pesa? Kila safari utakayoifuta ni bora kuliko sefti yoyote nitakayokuwekea.

Ukiileta niikague, ije na cheti, chemba tupu, na magazini zake zote. Hata ile iliyolegea usiitupe, nataka kuipima springi yake.