Jahazi katikati ya picha si kosa

Dada, umeuliza kama picha yako ya jahazi imeharibika kwa kuliweka katikati, maana wenzako wanasisitiza lazima likae kwenye theluthi, yaani kwenye mmoja wa mistari inayoigawa picha sehemu tatu sawa. Mimi naona haijaharibika hata kidogo. Maji yametulia kama kioo na tanga lote linaonekana tena majini, juu na chini sawasawa. Ulingano huo ndio picha yenyewe. Ukilisogeza pembeni unauvunja.

Hiyo kanuni ya theluthi ina umri mkubwa kuliko kamera ya kupigia picha. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mandhari. Ni ushauri mzuri, nami naufuata mara nyingi, hasa chombo kikiwa kinakwenda: nakiachia nafasi mbele ya omo, yaani sehemu yake ya mbele, ili jicho lione kinakoelekea. Lakini chako kimetia nanga.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Ncha ya foromali, ule mti unaoshikilia tanga, imegusa ukingo wa juu wa picha, jicho linanasa hapo kila nikitazama. Ungerudi nyuma hatua mbili tu. Na mstari wa bahari umeinama kidogo kulia. Huo unyooshe, kwa sababu bahari iliyoinama kila mtu anaiona.

Zile rangi za jioni ulizozikoleza, mimi ningezipunguza, ila hapo ni ladha yangu tu. Ukizipenda, ziache. Siku nyingine piga zote mbili, ya katikati na ya pembeni, uzitazame tena baada ya wiki.