Kwa safari ya Eldoret, chukua 504

Ndugu, umeuliza uchukue lipi kati ya Volkswagen Beetle 1300 ya 1972 na Peugeot 504 ya 1978, nawe kila mwezi unatoka Nakuru kwenda Eldoret na mama watoto na watoto watatu. Chukua 504. Injini yake yenye ujazo wa cc 1971 ina nguvu za farasi zaidi ya 90. Ya Beetle, cc 1285, ina kama 44 tu. Ukipanda miinuko ya Timboroa njiani mkiwa watano na mizigo, utaona tofauti: Beetle itahema kwa gia ya tatu huku malori yakikupigia honi nyuma. Mashimo nayo 504 huyameza. Ndilo gari aliloshindia dereva Mswidi Ove Andersson mbio za Safari Rally mwaka 1975.

Beetle naipenda mno, haina hata rejeta ya kuvuja. Lakini buti ni dogo. Ukiitamani bado, inua kiti cha nyuma: betri imekaa hapo chini, na hapo ndipo kutu huanzia. Choma sakafu kwa bisibisi. Ikitoboka, ondoka.

504 nayo, kabla ya kununua, iache ikinguruma nusu saa, ukitazama geji ya joto uone kama injini inachemka.