Afadhali hili kuliko lile: kuchagua kwa Kiingereza bila kuponzwa na ku-

Nilipokuwa nikifanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni huku Raskazone, Tanga, alifika mzee mmoja kutoka Uingereza akakaa siku nne. Jioni ya mwisho nilitaka kumshauri, kwa nia njema kabisa, alipe bili yake usiku uleule, kwa kuwa alikuwa na basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam na mhasibu wetu hakuwa na desturi ya kufika mapema. Kichwani nilikuwa na sentensi yangu ya Kiswahili, safi na yenye adabu: "Ni afadhali ulipe leo, mzee wangu." Iliyotoka kinywani ilikuwa "You had better pay today." Mzee alinitazama, akaweka ufunguo juu ya meza taratibu, akatoa pochi na kulipa bila kutamka neno, na alfajiri aliondoka pasipo kuaga.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba "had better" si afadhali ya kushauriana. Ni afadhali yenye harufu ya onyo: fanya hivi, la sivyo yatakupata. Mzazi humwambia mtoto anayechezea moto, na daktari humwambia mgonjwa anayeruka dozi, lakini mhudumu hamwambii mgeni aliyemzidi umri. Nilichopaswa kuuliza ni "Would you rather pay tonight or in the morning?", swali ambalo linamwachia mwenyewe uchaguzi, na ambalo linatumia "or" kwa sababu bado hajachagua.

Siku hizi, jioni, huwa ninakaa barazani Ngamiani na vijana wachache waliomaliza kidato cha nne, tukijiandaa kwa usaili wa kazi. Nimesikiliza makosa yao, ambayo mengi ni makosa yangu ya zamani, na nimefikia imani kwamba tunapotaka kusema kwa Kiingereza kuwa tumechagua tendo moja na kuacha jingine, kinachotuponza si uhaba wa maneno. Kinachotuponza ni kiambishi chetu cha ku-. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba kwenda ni "to go", kusubiri ni "to wait", na somo lile liliganda. Ukweli ni kwamba ku- yetu ni vazi moja linalovaliwa kwenye kila shughuli, ilhali Kiingereza kina mavazi matatu kwa kazi hiyohiyo: "to wait", "waiting", na "wait" iliyo tupu. Wahenga waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walivalisha ku- pande zote mbili za kuliko na mambo yakaisha. Kiingereza nacho kwa kawaida hutaka pande mbili zilingane, ila vazi lenyewe huchaguliwa na neno lililotangulia, na hapo ndipo tunapokwaa.

Chukua "would rather". Neno hili linataka kitenzi kitupu, mbele na nyuma: "I would rather cycle than wait for a daladala." Mkazi wa Tanga, mji wa baiskeli, anaweza kuisema sentensi hiyo kila siku ya maisha yake bila kudanganya. Hakuna "to" wala "-ing". Ukisema "I would rather to cycle", ile ku- imejipenyeza. Zamani sana "rather" lilitokana na neno lenye maana ya upesi, nalo likamaanisha upesi zaidi au mapema zaidi, kwa hiyo msemaji alikuwa akisema kwamba ataendesha baiskeli mapema zaidi kuliko atakavyosubiri. Waingereza wengine hadi leo husema "I would sooner" kwa maana hiyohiyo. Kwa kuwa ndani yake mna ulinganishi, linafuatwa na "than", ambayo ni kuliko yetu, na kila mtu anaridhika.

Tabu huanza kwa "prefer", kwa sababu sisi tumezoea kwamba kuliko ni "than" popote iendapo. Neno hili lina asili ya Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni kubeba au kuweka kitu mbele. Kitu huwekwa mbele ya kingine, na kwa Kiingereza mahusiano hayo hubebwa na "to", kama inavyokuwa kwa "senior to" na "superior to", ambazo nazo zimetoka Kilatini. Basi sentensi sahihi ni "I prefer cycling to waiting." Angalieni kwamba "to" hiyo si ile ya "to wait" tuliyoimbishwa darasani, bali ni kihusishi, ndiyo maana kinachofuata ni "waiting". Nimeona vijana hodari kabisa wakisita hapa, wakiandika "to wait", kisha wakifuta, kisha wakirudisha, kwa kuwa jicho likiona "to" mkono unaenda wenyewe. Na anayetaka kuanza na "I prefer to cycle" afahamu kwamba hawezi kuendelea na "to to wait", kwa hiyo Kiingereza humpa njia nyingine: "I prefer to cycle rather than wait."

Kosa jingine ni "I prefer more". Kwa Kiswahili tunasema bora zaidi na hakuna anayelalamika, lakini ndani ya "prefer" zaidi imekwishatiwa, na kuiongeza ni kama kutia sukari kwenye soda.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili chetu kinatusaidia, nami nashangaa halifundishwi hivyo. Tofauti kati ya "I prefer" na "I would prefer" ni ileile iliyopo kati ya napendelea na ningependelea. Ya kwanza inaeleza tabia yangu ya siku zote, ya pili inaeleza ninachotaka katika jambo lililo mbele yetu sasa, na kwa upole zaidi. Mwenye -nge- kinywani tangu utotoni hahitaji jedwali la kuelezwa hilo.

Lililo gumu kuliko yote ni pale anayetaka ni mmoja na atakayetenda ni mwingine. Kijana mmoja wa barazani kwetu alipokea ujumbe kutoka ofisi aliyoomba kazi: "We would rather you came on Monday." Ilikuwa Alhamisi. Aliona "came", akahesabu kuwa ni wakati uliopita, akajua kwamba alitakiwa afike Jumatatu iliyokwisha pita, na akaandika barua ndefu ya kuomba radhi kwa kutofika siku ambayo hakuna aliyemwita. Ofisi ilikuwa ikisema tu: tungependelea uje Jumatatu. Pale ambapo sisi tunasema uje, Kiingereza huazima umbo la wakati uliopita, si kwa ajili ya wakati bali kuonyesha kwamba jambo bado ni matakwa tu na halijatokea. Tulicheka sana, naye akacheka mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba Jumatatu bado ipo.

"Instead of" haina mambo mengi. Ni badala ya, na kosa lake ni lilelile la ku-: watu husema "instead of to go" wakati inatakiwa "instead of going". "Instead of going to the Amboni Caves, they went to Toten Island." Sentensi hiyo haisemi kwamba kisiwa kiliwapendeza zaidi kuliko mapango, inasema tu kwamba tendo moja lilikaa mahali pa jingine.

Ushauri wangu ni kwamba usijifunze haya yote kwa mkupuo. Sikubaliani na vitabu vinavyopanga miundo mitano kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu mwanafunzi hutoka na vipande vya kila muundo na kuviunganisha ovyo. Anza na "would rather" peke yake kwa wiki mbili, kwa kuwa kitenzi chake kiko tupu na hakina mtego, na tunga sentensi kutokana na maisha yako mwenyewe, si zile za theluji na matufaa. Ukifika kivuko cha Pangani jioni, jiambie "I would rather cross now than sleep here." Jifunze pia kukataa kwayo. Afadhali nisiende ni "I would rather not go", na "not" hukaa baada ya "rather", wala huwezi kuirudisha nyuma ukasema "I wouldn't rather". Sisi watu wa pwani hatupendi kumkatalia mtu usoni, na "I'd rather not" ni kukataa ambako hakumvunjii mtu heshima. Tahadhari moja tu: katika "I'd rather" sauti ile ya mwisho ni "would", na katika "you'd better" ni "had". Masikio hayawezi kuzitenganisha. Angalia neno linalofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda na mwanafunzi wangu mmoja, mama muuza samaki, hadi mnadani Deep Sea. Wageni wawili walisimama mbele ya changu wake mkubwa wakimtania kwamba jua limeshapanda. Akasema, "I would rather sell it today than to keep it." Nikamnong'oneza aiondoe "to". Akarudia polepole, neno kwa neno, "than keep it", na wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakiamini bei inashuka. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, sasa nifundishe ya kuwaambia kwamba bei ni ileile."