Ushamaliza mtihani wa kamera na matokeo hayaji: yaliyonipata mimi Lamu

Nianze na huyu punda kwanza, manake bila yeye hii makala isingekuwako.

Mwisho wa Agosti, siku ya Alhamisi, nilifanya mtihani wa cheti cha kompyuta, ile ya kufanyia nyumbani kamera imewashwa na kuna mtu huko mbali, hata nchi gani hujui, anakuangalia kama mwizi dakika zote 90. Jina la mtihani nitaliacha, mtaona kwa nini. Nilichagua saa 3 asubuhi makusudi, ili nimalize kabla ya adhana ya adhuhuri na kabla watoto wa chuo cha Qur'ani cha jirani hawajaanza kusoma kwa sauti. Chumba nilikitafuta mwezi mzima, mwisho bibi akanipa chumba chake cha ndani pale Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, ukuta mnene, kimya kabisa. Shida ilianza kwenye picha. Lazima upige picha pande zote 4 za chumba, na ukuta wa bibi wote ni zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na zidaka zimejaa vyombo vya kale na vitabu. Msimamizi akaniandikia kwenye chati niondoe vitabu vyote. Nikawa napandia kiti nashusha kitabu kimoja kimoja, jasho linanitiririka na mtihani bado hata haujaanza.

Basi nikaanza, nikafika kama swali la 20, punda wa kubeba mchanga akasimama kichochoroni chini ya dirisha akalia. Mliozaliwa Lamu mnajua hiyo sauti ikiingia kwenye nyumba ya mawe inavyokuwa. Chati ikafunguka: nani yuko nawe chumbani? Nikaandika hakuna mtu, ni punda. Kimya. Halafu: onyesha chumba tena. Nikazungusha laptopu chumba kizima, nikarudi kwenye maswali moyo unaenda mbio. Dakika chache mbele stima ikapotea, rauta ikazima, mtihani ukakwama. Iliporudi nikafungua linki upya nikangoja kwenye foleni, msimamizi mwengine akanipokea, akanipa namba ya kesi, nikaendelea pale pale nilipoachia. Mwisho wa yote skrini ikaniambia asante, matokeo ndani ya siku 5 za kazi. Basi, hakuna kupita wala kuanguka.

Sasa hapa ndipo watu hawaambiwi kitu. Kila mtu atakufundisha kujiandaa kwa mtihani, wa kukufundisha kungoja hakuna.

Kitu nilichokuja kukielewa baadaye na ningekijua mapema ningelala usingizi ni hiki: kwa mitihani ya kuchagua jibu, kompyuta haihitaji siku 5 kujua umepata ngapi, hiyo ni kazi ya sekunde. Zile siku mara nyingi ni za watu kupitia kikao chako, video, chati, yale makelele, kama kuna kitu kilichotiliwa shaka. Kwa hivyo ukingoja usijitese na maswali uliyokosa, hayo yashakwisha. Mimi siku ya kwanza nilikaa na daftari nahesabu, hili nimekosa, hili sijui, hili nimebahatisha, nikajitolea hukumu kwamba nimeanguka. Hesabu ya bure. Chukua ule wa AWS, kampuni ya Amazon ya huduma za kompyuta, wa cheti cha mwanzo kinachoitwa Cloud Practitioner, ambao vijana wengi wanaufanya siku hizi: maswali ni 65, lakini 15 hayahesabiwi kabisa, ni ya majaribio na huambiwi ni yapi, na alama ya kupita ni 700 kwa 1000 ambayo si sawa na kusema asilimia 70 ya maswali. Utahesabu nini hapo?

Na siku zenyewe pia jueni kuzihesabu. Mimi nilihesabu kama tunavyohesabu matanga, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, nikafika Jumatatu sijaona kitu nikaanza kuumwa na kichwa. Kumbe Alhamisi yenyewe haimo, Jumamosi na Jumapili hazimo, na ile Jumatatu ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba ambayo Marekani ni sikukuu yao ya wafanyakazi. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili, tena mpaka ofisi zao zifunge, na saa 11 jioni ya New York miezi hiyo huku kwetu ni saa 6 za usiku. Kila mtihani na siku zake pia, usichukue za mwenzako. AWS wenyewe wanasema ndani ya siku 5 za kazi. GRE ya nyumbani, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu vyuo vya ng'ambo, ukimaliza tu unaonyeshwa alama zisizo rasmi za lugha na za hesabu, insha ndio inangojwa, zile rasmi zinakuja kama siku 8 mpaka 10. Soma za kwako zilipoandikwa, uziandike kwenye kalenda, halafu kabla ya siku hiyo imeli usiifungue kila dakika kumi. Mamangu alichoka mpaka akaniambia, "Ndoo ule mwanangu, hiyo simu haitakupikia."

Kosa langu kubwa lakini halikuwa la hesabu. Nilimwambia mtu. Mmoja tu, rafiki, kwenye baraza baada ya swala ya alasiri. Kufikia kesho yake habari ishateremka mpaka mtaa wa Langoni, nikipita uwanja wa Mkunguni wazee wa kahawa wananiuliza je, Marekani washajibu? Mwenye duka la simu ananiuliza, nahodha wa boti ya Mokowe, kule ng'ambo bara, ananiuliza, hata sijui anatoka ukoo gani. Na huwezi kuwakasirikia, wanakupendea kheri. Ila kila ukijibu "bado" inakuwa kama umeanguka mara moja zaidi. Mji wetu ni mdogo na vichochoro ni vyembamba, huna pa kupitia. Ukifanya mtihani wa aina hii mwambie aliye nyumba moja nawe kwa sababu ya makelele, basi, wengine watajua siku ya kula pilau.

Kuna na wale wa kwenye grupu la WhatsApp: swali la pili lilisemaje, lile la mwisho ulijibu nini. Usijibu. Kabla mtihani haujafunguka ulikubali masharti ya kutotoa maswali, ulibonyeza bila kusoma kama sote, lakini ulibonyeza. Kikao chako kiko chini ya macho ya watu halafu wewe unamwaga maswali kwenye grupu la watu 200? Wakiiona skrinishoti wanaweza kufuta matokeo hata kama ulipita.

Nilichofanya sawa ni kimoja, na nilikifanya kwa hofu si kwa akili. Ile jioni ya Alhamisi, kabla sijasahau, niliandika kila kitu: saa punda alipolia, saa stima ilipopotea na iliporudi, namba ya kesi, msimamizi aliniuliza nini nami nikajibu nini. Nusu ukurasa tu. Ijumaa ya siku ya tano ikapita, Jumamosi kimya, Jumapili kimya, Jumatatu nikaandika barua. Ya kwanza nilifuta, ilikuwa ukurasa mzima wa kulia, nimeapa kwa Mungu mara tatu kwamba ni punda. Ya pili ilikuwa mistari sita: namba yangu ya usajili, tarehe na saa pamoja na kusema ni saa za Afrika Mashariki, namba ya kesi, sauti ilikuwa ya mnyama nje, stima ilikatika dakika kadhaa, naomba kujua kikao changu kiko hatua gani. Swali moja tu. Ukiuliza manne watakujibu lile rahisi.

Pia nilikuwa karibu nimuandikie mtu asiyehusika. Kampuni inayosimamia kamera ni mmoja na mwenye cheti ni mwengine. Wa kamera atakwambia habari za kikao, wa cheti ndiye mwenye alama, na ukigonga mlango usiokuwa wake watakurusha huku na huku wiki nzima. Jumanne nikajibiwa kikao kinapitiwa, hakuna kinachotakiwa kutoka kwangu. Haikuwa jibu nililolitaka ila usiku huo nililala. Sikuandika tena, na kulipia mtihani mwengine "kwa usalama" sikulipia ingawa mkono uliwasha, manake mitihani mingine hata ukianguka lazima ungoje siku 14 ndio urudie, na pesa yenyewe si ya mchezo.

Halafu sasa hii itawachekesha. Matokeo yalitoka Jumatatu iliyofuata. Mimi nikayajua Jumatano. Siku zote zile nilikuwa nakodolea imeli, mpaka na zile za taka nilizipekua, wakati yamekaa kwenye akaunti yangu ile ile niliyojisajilia mtihani, chini ya historia ya mitihani, pasiwadi nimeisahau sijaingia tangu siku ya kulipa. Nilikuwa kwenye boti narudi kutoka Mokowe imeli ilipoingia, ya kuniambia ati niingie kwenye akaunti. Mtandao katikati ya maji unakuja unaenda, ukurasa ukafunguka nusu, nikaona alama, neno lenyewe sikuliona mpaka tulipofunga jeti.

Nimepita. Si kwa kishindo, lakini nimepita.

Nikaingia nyumbani nikamwambia mama, akashika kifua, akashukuru, akanikumbatia. Halafu akauliza, "Na yule punda, washamwamini?"