Kabla ya kufungua kichwa cha mashine, sikiliza mguu

Msomaji wa Kilindoni, Mafia, ametuma sauti ya nusu dakika. Mashine yake ya boti ya farasi 40, zile za kuchanganya oili na petroli, inanguruma kwa namna ambayo haikuwapo mwezi uliopita. Fundi amekwisha kumwambia kichwa, yaani sehemu ya juu yenye bloku na pistoni, kifunguliwe. Anauliza kama aanze kununua pistoni.

Usinunue, ndugu yangu. Wala usiruhusu kichwa kufunguliwa kwa sababu ya kelele peke yake. Kichwa kikifunguliwa bure hakirudi kilivyokuwa: gasketi mpya zinatakiwa, bolti zilizoliwa na chumvi zinakatika ndani ya bloku, na siku za bamvua zinapita boti ikiwa imelala mchangani. Mavuvi mengi yameharibika hivyo, na kosa lenyewe lilikuwa chini kwenye mguu, penye gia na propela.

Cha kujiuliza kwanza si "inalia vipi", maana mlio mmoja watu watatu watauita majina matatu. Jiulize inalia lini. Ikiwa fri (bila gia), au gia ikiingia? Silensa (mwendo wa chini kabisa), au ukivuta mafuta kuongeza mwendo? Ya baridi, au baada ya kupata moto?

Majaribio ya kujibu maswali haya yafanyie kwenye pipa la maji. Vua propela, na maji yafunike lile bapa lililo juu yake. Usiwashe mashine kavu hata kidogo, impela ya mpira inayosukuma maji ya kupoza inaungua kwa sekunde chache tu. Kava likiwa wazi, mikono mirefu, kanga na kamba vikae mbali na fulaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine.

Washa, acha silensa, ikiwa fri. Chukua bisbisi ndefu, ncha iguse chuma, mpini uukandamize sikioni. Anza juu ubavuni mwa bloku, shuka kwenye shina, malizia kwenye nyumba ya gia. Penye ugonjwa mlio unakuja mkavu na wa karibu. Kisha ingiza gia ya mbele, halafu ya nyuma, usikilize tena palepale.

Kelele ikizaliwa gia inapoingia, ugonjwa uko mguuni. Ikiwapo hata kwenye fri, usiharakishe kukihukumu kichwa. Mashine ikiwa fri, shafti ndefu inayoshuka mguuni inazunguka, pinioni (gia ndogo ya mwisho wake) inazunguka, na gia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazunguka nayo. Kilichosimama ni shafti ya propela tu. Beringi ya pinioni iliyokufa itanguruma fri na kwenye gia pia, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotea.

Oili ya gia ndiyo shahidi mkuu, na kuitazama hakuhitaji zaidi ya bisbisi pana. Acha mashine imesimama wima usiku kucha ili maji, kama yamo, yatulie chini. Asubuhi legeza skrubu ya chini ya mguu taratibu, kinga matone ya kwanza kwenye kopo jeupe. Yakitoka maji matupu, au oili ya rangi ya maziwa, sili, pete ya mpira ya kuzuia maji, imepitisha. Kisha fungua skrubu ya juu, imwagike yote. Ikiwa nyeusi tu, imechoka. Uji wa kijivu laini kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni jino la gia au beringi imevunjika, na hapo mguu ufunguliwe kabla ya safari nyingine yoyote.

Mkosaji wa kawaida wa sili ni mshipi wa kuvulia. Uzi wa nailoni unajisokota nyuma ya propela, unapata moto, unakata sili, maji ya chumvi yanaingia, beringi zinapata kutu, na baada ya hapo ndipo masikio yako yanaanza kusikia ngurumo. Kwa hiyo kelele ni habari ya mwisho kufika. Mwenye kuvua propela mara kwa mara na kuangalia uzi anaipata habari hiyo mapema.

Kuna mlio mwingine wa mguuni: "ka! ka! ka!" mashine ikivutwa mafuta, boti inaruka kama inapigwa mateke. Hayo ni meno ya klachi, kipande kinachoiunganisha gia na shafti ya propela, yanayotoka kwenye gia. Rekebisha kwanza fimbo ya gia, huenda haifiki mwisho wa safari yake. Ikiwa fimbo iko sawa, meno yamekuwa duara, na dawa ni kubadilisha klachi pamoja na gia iliyolika. Kinachoyala ni kuingiza gia polepole kwa huruma. Gia iingizwe kwa mkupuo mmoja, mashine ikiwa silensa. Lakini ukizungusha propela kwa mkono, mashine imezimwa na gia iko mbele, ikalia "tik, tik" upande mmoja na kukamata upande mwingine, huo si ugonjwa, ndivyo ilivyotengenezwa.

Kama mashine inapanda sauti na boti haiendi, bila kugonga, shuku bushi ya mpira ndani ya propela. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, endesha, kisha tazama kama mstari umeachana. Mtikisiko unaoongezeka na mwendo ni jani la propela lililopinda, au shafti yenyewe.

Sasa kichwa. Anza na vilivyolegea: bolti za kubania mashine kwenye tezi (nyuma ya boti), kava, fulaiwili. Fulaiwili ishike kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza juu ya krenki, nati imelegea na kipini kinakatika. Inagonga silensa kama kitu kizito cha ndani, na wengi wamefungua bloku kwa ajili yake.

Mlio kama mtama unaotikiswa ndani ya kopo, mashine ikibeba mzigo, ni mafuta kulipuka vibaya. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inaleta hivyo, na mashine kupata moto kupita kiasi pia. Angalia maji ya kupoza yanayotoka kitunduni. Yakiwa dhaifu, zibua kwa kipande cha mshipi mnene, na yasipopata nguvu badilisha impela. Mchanganyiko uwe 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwenye lita 25 za petroli, kama kitabu cha mashine yako hakisemi vingine. Tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3.

Mgongo wa sauti nzito, yaani mlio wa kugonga, "ngo, ngo", unaofuata mwendo, ndio wa kuogopa. Zima, toa plagi zote mbili. Ingiza kijiti kwenye tundu la plagi kiguse pistoni ikiwa karibu na juu, kisha sogeza fulaiwili kidogo mbele na nyuma. Ikisogea kabla kijiti hakijasogea, beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, imelegea. Pima na mgandamizo wa silinda: silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, hapo fundi ana haki ya kufungua kichwa.

Ndugu wa Kilindoni amejibu maswali: fri kimya, gia ikiingia inanguruma, matone ya kwanza yalikuwa meupe. Basi nunua sili mbili za shafti ya propela, oringi (pete nyembamba ya mpira) ya kifuniko chake, washa (pete bapa) mbili za skrubu na oili ya gia. Beringi zizungushwe kwa mkono baada ya kuoshwa kwa petroli, inayokwaruza itupwe. Shafti ikiwa na mfereji pale sili inapokaa, sili mpya nayo itavuja, kwa hiyo shafti ibadilishwe. Ukishafunga, kabla ya kutia oili, pulizia upepo kwa tundu la skrubu, usizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, zamisha mguu majini. Mapovu yasipotoka, tia oili kutoka tundu la chini hadi imwagike juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, kisha ya chini haraka.