Kabla hujainua kichwa, andika

Wadogo zangu wauguzi mnaoanza zamu za dharura hapa Goma, mtaitwa kabla hamjamaliza hata kazi moja. Msijaribu kuzuia yote. Pikipiki ikimleta mtu anayevuja damu, unaacha ulichoshika na kukimbia. Mimi hatari niliiona wakati wa kurudi.

Mwaka wangu wa kwanza, katika hospitali nisiyoitaja, nilikuwa na mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. Artesunate kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi 36. Nikachanganya unga na bikaboneti, nikaongeza serumu ya chumvi, nikamchoma mshipani. Sijaandika kitu kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mgonjwa, wakaingizwa motari wawili, waendesha pikipiki, waliogongana, na ndugu zao nyuma wakipiga kelele. Niliporudi fishi ilikuwa nyeupe, chupa nyingine ipo mezani. Nikaanza kuchanganya upya. Mama yake akasema polepole, "Muganga, si ulishamchoma?" Nilikasirika kwanza. Halafu nikaona chupa tupu kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo naandika saa na dozi kabla ya kuinua kichwa, hata nikiitwa kwa jina. Bomba la sindano lenye dawa nalibandika plasta yenye jina la dawa na kipimo. Nikilikuta mezani halina plasta, nalitupa. Hili linauma, maana mara nyingi familia ndiyo iliyonunua dawa, na baba atakuuliza mbona unamwaga pesa yake. Bado nalitupa. Hesabu ikikatika katikati, rudini kwenye kilo za mgonjwa. Msiendelee na namba iliyobaki kichwani.

Simu ikae mfukoni, hiyo haina mjadala.

Kumwambia daktari angoje ndiko kugumu, hasa ukiwa mgeni. Mimi husema tu, "Docta, ninavuta dawa," bila kugeuka. Mmoja aliponinunia nilimtajia uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 kuhusu wauguzi 98 wa hospitali mbili za Sydney: kila walipokatizwa wakitoa dawa, makosa ya tiba yaliongezeka kwa asilimia 12.7. Na wale walikuwa wodini, si dharura. Siku hizi daktari huyo husimama mlangoni hadi niweke bomba chini.

Ila mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayekaa naye, akinigusa mkono, naangalia fishi kwanza, ndipo namwambia angoje.