WebP kwenda JPG: chungulia ndani ya faili kabla hujaligeuza

Mkuu, umesema una picha 300 ulizopakua zikiwa WebP (aina ya faili la picha linalotumika sana mtandaoni), programu yako ya kupanga kurasa inazikataa, ukabadilisha majina yote yaishie na .jpg, na bado inazikataa. Njia hiyo nimeipita yote, pamoja na hatua ambayo wewe hujaifikia: kuzigeuza zote kwa mkupuo mmoja na kuona madhara yake kazi ikiwa imeshachapwa. Nitaandika kwa urefu kidogo ili isikukute.

Tuanze na jina. Kubadilisha .webp kuwa .jpg hakugusi hata baiti moja ya picha. Umebadilisha kibandiko tu, kilichomo ni kilekile. Chukua faili moja kati ya hizo ulizobadilisha jina, ulifungue kwa Notepad au kihariri chochote cha maandishi. Utakutana na alama za ovyo ukurasa mzima, lakini tazama mwanzo kabisa: kuna RIFF, kisha alama nne zisizoeleweka (hizo ni ukubwa wa faili), kisha WEBP, kisha VP8. JPEG ya kweli (ndiyo hiyo hiyo JPG) huwa na neno JFIF au Exif hapo karibu na mwanzo, na PNG, aina nyingine ya faili la picha, huonyesha herufi PNG. Programu nyingi husoma alama hizo, hazijali jina. Ukishaona, funga bila kuhifadhi, maana ukihifadhi hapo picha imeharibika.

Ndiyo sababu pia wakati mwingine unapakua kitu kilichoandikwa .jpg na kumbe ndani ni WebP. Kivinjari huiambia seva kinaweza kusoma aina zipi za picha, na seva nyingi zikisikia WebP imo, hutuma hiyo kwa sababu ni nyepesi. Jina kwenye kiungo linabaki lile la zamani.

Sasa rudi kwenye zile herufi, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi. Baada ya VP8 kuna herufi ya nne, na hiyo ndiyo inayokuambia picha yako uipeleke wapi. Ikiwa ni nafasi tupu, picha ilibanwa kwa kupoteza baadhi ya taarifa zake, kama JPEG inavyofanya. Hiyo mara nyingi ni picha ya kamera, ipeleke JPEG. Ikiwa ni VP8L, ilibanwa bila kupoteza chochote, na mara nyingi ni nembo, mchoro au picha ya skrini. Hiyo ipeleke PNG. Ikiwa ni VP8X, kuna kitu cha ziada ndani: huenda sehemu zisizo na rangi, yaani zile za uwazi, huenda mwendo, huenda maelezo ya kamera tu. Ukiona ANIM mbele kidogo, picha hiyo inacheza. Ukiona ALPH, ina uwazi.

Mimi nilikuwa naandaa kijitabu chenye picha za watu na nembo kama kumi na tano za wadhamini. Nikageuza folda nzima kuwa JPEG. Picha za watu zilitoka vizuri. Nembo, kila iliyokuwa na uwazi ilitoka imekaa ndani ya kiboksi cheusi. JPEG haina kabisa mahali pa kuandika kwamba pikseli hii haionekani. Kigeuzi kinapotupa taarifa ya uwazi, hubaki rangi iliyokuwa imefichwa chini yake, na mara nyingi ni nyeusi. Kwenye skrini ndogo sikuona kwa sababu programu niliyotumia kuzikagua ilikuwa na mandhari meusi. Kwenye karatasi nyeupe niliviona vyote.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi ila liliniuma zaidi. Nembo moja ilikuwa na maandishi mekundu juu ya samawati. Hiyo ilikuwa VP8L, safi kabisa, kila herufi ina ukingo mkali. Baada ya kuigeuza kuwa JPEG, nilipoikuza mara nne niliona wekundu umevuja nje ya herufi, na pembeni kuna vumbi la vidoa. JPEG kwa kawaida huhifadhi mwanga kwa kila pikseli, lakini rangi huipunguza iwe nusu ya upana na nusu ya urefu. Kwenye uso wa mtu huoni tofauti. Kwenye herufi nyekundu unaona mara moja. WebP inayopoteza taarifa nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo kama nembo yako imekuja ikiwa ya aina hiyo, kuipeleka PNG hakutairudishia ukali wake, kutazuia tu isiharibike zaidi. Hapo muombe mwenye nembo faili la asili. Ujumbe mmoja tu, na unaweza kukuokoa na saa nzima ya kusafisha.

Kugeuza kwenyewe ni rahisi. Kwa picha chache, Paint ya Windows 10 na 11 inafungua WebP na kuihifadhi kwa aina nyingine, Preview ya Mac vilevile, na GIMP, programu ya kuhariri picha, tangu toleo la 2.10. Kwa 300 usikae kubofya. Sakinisha ImageMagick, programu inayogeuza picha nyingi kwa amri moja ya kuandika, rudisha majina yawe .webp, tenga za JPEG kwenye folda moja na za PNG kwenye nyingine. Ndani ya ile ya kwanza tengeneza folda iitwayo mpya, kisha fungua dirisha la amri hapohapo uandike:

magick mogrify -path mpya -format jpg -quality 92 -background white -alpha remove *.webp

Sehemu ya background na alpha ndiyo inayojaza weupe mahali penye uwazi badala ya kukuachia weusi. Kwa folda ya pili, tengeneza mpya nyingine kisha:

magick mogrify -path mpya -format png *.webp

Picha za asili hazitaguswa, zilizogeuzwa zinaingia kwenye mpya. Hiyo 92 ni kiwango cha ubora, usiishushe sana. Picha tayari imeshabanwa mara moja, na sasa unaibana mara ya pili juu ya makovu ya ile ya kwanza. Usishangae pia faili likitoka zito kuliko lilivyoingia. WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010 ikitumia mbinu za kubana video, wakati JPEG ni kiwango cha 1992, kwa hiyo uzito huo ndio unaolipa ili picha ifunguke kila mahali. PNG iliyotoka kwenye picha ya kamera itakuwa nzito mara kadhaa bila kuongeza uzuri wowote, na ndiyo maana sikushauri ugeuze zote kuwa PNG kwa kuogopa.

Tovuti za kugeuza picha zinafanya kazi, ila kwa picha za watu au nyaraka mimi sizitumii. Hujui faili lako linakaa huko kwa muda gani, na kompyuta yako mwenyewe inaweza kuifanya kazi hiyo bila intaneti.

Halafu hakikisha kwanza kama kweli unahitaji kugeuza. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuonyesha WebP mwaka 2020 na Photoshop ikaanza kuifungua yenyewe 2022, kwa hiyo huenda programu yako ni ya zamani tu na toleo jipya linazikubali. Kama huwezi kuisasisha, geuza, ila anza na picha tatu: uso wa mtu, nembo yenye uwazi, na moja yenye maandishi. Zichape kwenye karatasi nyeupe, uzitazame kwa karibu, ndipo uende kwa zile 297 zilizobaki. Zile zenye ANIM ziweke kando, tuambie ni ngapi na unataka zitoke kama picha moja au ziendelee kucheza, maana njia yake ni nyingine.